Mwaka Tuliopanga Kwenda Italia

Zuhura alikuja kunitembelea hapa Kangundo juzi juzi, na tulipomaliza kukumbatiana na kuchekana jinsi tulivyonenepa, mke wa mwanangu akatuuliza tulijuana vipi, mimi Mkamba wa huku juu na yeye Mdigo wa Likoni. Tukaanza kumsimulia ule mwaka wangu wa Jeddah. Kabla hatujafika hata nusu tukajikuta chai imepoa, kila mmoja ameshika shavu. Mvi zimeniota, wajukuu ninao, lakini mambo yale nikiyataja bado yananishtua kana kwamba nasimuliwa ya mtu mwingine. Mke wa mwanangu alidhani tunamtania, hadi Zuhura akamwapia. Basi nimeona niyaandike kama yalivyokuwa, kwa sababu tukishaondoka sisi wawili hakuna atakayeyasadiki.

Nilikuwa nimeajiriwa katika nyumba moja mtaa wa Aziziya, kazi za ndani, kulala huko huko. Madam wangu aliitwa Hind. Alikuwa mwanamke wa maneno mengi na moyo mwepesi, akikasirika asubuhi, adhuhuri kashasahau. Bosi alikuwa kinyume chake, mtu mwembamba wa sauti ya chini ambaye sikuwahi kumsikia akimfokea mtu. Akiingia alivua viatu mlangoni na kuvipanga kwa mkono wake, hakubali mtu avishike. Kila baada ya wiki moja alisafiri kwenda Riyadh kikazi, akakaa siku kadhaa, akarudi. Watoto walikuwa wawili, Nasser na Lamis, wa shule ya msingi. Kwa kweli nimeona mabosi wabaya na nimesikia habari za wabaya zaidi, na hawa hawakuwa miongoni mwao. Nalisema mapema ili msomaji asinielewe vibaya huko mbele.

Tangu usichana wake Madam alitamani kwenda Italia. Bosi alimwahidi walipooana, akaahirisha, akaahidi tena, hadi mwaka ule akasema haya, panga tutakwenda likizo ya watoto. Nyumba ikageuka kama nyumba inayongojea harusi. Madam alibandika picha kwenye mlango wa friji: ziwa lililozungukwa na milima, nyumba za rangi ya chungwa zilizopangana juu ya jabali, dari la kanisa lililochorwa watu wanaopaa. Alijua tayari wangelala hoteli gani ya ziwani, wangepanda boti saa ngapi, na ni bibi gani wa kijijini angewafundisha kukanda unga wa tambi jikoni kwake. Meza ya chakula ilijaa ramani, na mimi nikawa nawalisha watoto sakafuni. Isitoshe, aliamua sote tuanze kula Kiitalia kabla ya kufika, kwa sababu, alisema, hakutaka kwenda kushangaa sahani mbele za watu. Kila jioni nikawa nimesimama jikoni, simu imeegemezwa kwenye kopo la sukari, nafuata video ya mwanamke anayekoroga wali kwa supu, ukiacha kukoroga kidogo tu umeharibika. Wali wenyewe kwangu ulikuwa uji. Lakini nilikoroga kwa moyo wote, kwa kuwa na mimi nilikuwa ninakwenda.

Ndiyo, nilikuwa ninakwenda. Madam alisema hawezi safari na watoto wale bila mimi, akanipeleka kupigwa picha na kuwekwa alama za vidole, na baada ya muda pasipoti yangu ikarudi imebandikwa viza. Alinionyesha, kisha akaifungia tena kwenye droo yake. Siku hiyo alikuwa na furaha, akaniambia neno ambalo nililala nalo na kuamka nalo miezi kadhaa. "Kule, Mwende, utakula mezani na sisi. Kule hakuna anayetujua." Nyumbani mle nilikula jikoni, kwenye kigoda cha plastiki kando ya mashine ya kufulia, baada ya wote kushiba. Sikuwahi kulalamika, ndivyo kazi ilivyo. Lakini alipolitamka lile neno nilishtuka kugundua jinsi nilivyokuwa nikilitaka. Nilikuwa nimepanda ndege mara moja tu maishani, kwenda kufanya kazi. Sikuwahi kupelekwa mahali ili nifurahi tu. Nikaanza kujiona nimekaa kwenye kiti, kitambaa mapajani, ziwa mbele yangu, na Jumapili nimeingia kanisani kwa miguu yangu badala ya kusikiliza ibada kwenye simu na mlango nimeufunga.

Habari zote hizi nilimsimulia Zuhura. Tulikutana kwenye mafunzo Nairobi, tukasafiri ndege moja, tukaachanishwa uwanja wa ndege wa Riyadh, yeye akabaki huko na mimi nikaletwa Jeddah. Hatukuwa tumeonana tena, lakini tulitumiana sauti kwenye simu kila siku, yeye akipiga pasi na mimi nikichambua mchele. Mwaka ule alikuwa amehamishiwa nyumba mpya mtaa wa Malaz, kwa bibi harusi mdogo ambaye mumewe alikuwa mtu wa kuja na kuondoka. Sasa, sisi watu wa kazi zile hatuna desturi ya kutaja majina ya waajiri. Madam ni Madam, Bosi ni Bosi, na kila mmoja anajua anayezungumziwa ni wa nyumba ya mwenzake. Zuhura akisema Bosi kaja leo, kaleta manukato, mimi nikijibu wangu kasafiri, leo napumua. Miezi yote hiyo tulizungumza hivyo. Hata aliponiambia kuwa madam wake naye ameanza kudai tambi na ule wali wa kukorogwa, nilicheka nikamwambia ugonjwa wa Italia umeingia nchi nzima, nikamtumia video zangu.

Kisha zikaja maamuli. Hivi ni vibiskuti vyao vyenye tende ndani, ambavyo Madam alinifundisha kutengeneza kwa ajili ya Idi. Mimi nikaviongezea mambo ya kwetu, tui la nazi la unga na iliki nyingi, na kibao chao cha mti cha kuchoria kilipopasuka nikawa nachapa kila kibiskuti kwa kizibo cha soda. Bosi alivipenda sana, na kila akienda Riyadh nilimjazia mkebe, maana alisema wenzake kazini wanavigombania. Siku moja nilikuwa nasafisha kuku, sauti ya Zuhura ikaingia, naye anatafuna. "Dada Mwende, leo nimekukumbuka wallahi. Bosi kaja na mkebe wa maamuli, nimeiba moja, ina tui na iliki kama mahamri ya kwetu. Tena zimepigwa muhuri kwa kizibo cha soda. Kumbe huko kazini kwao kuna mwenzetu."

Nilinawa mikono. Nikanawa tena. Nikamwomba anitumie picha, akanitumia, na nilipoikuza nikaona alama ya kizibo changu, kile kilichopinda upande mmoja kwa kuwa Nasser alikikanyaga. Nikakaa sakafuni na kuku wangu. Nikampigia. Nikamuuliza bosi wake anavua viatu vipi, akasema anavipanga mwenyewe mlangoni, hataki mtu aviguse. Nikamuuliza kuhusu bilingani, akasema hali, zinamwasha midomo, kwani umejuaje. Mimi ndiye niliyekuwa nikizitoa bilingani kwenye sahani yake kule Aziziya. Nilimsikia Zuhura akivuta pumzi upande wa pili, kisha akasema polepole, "Dada, usiniambie." Sikumwambia. Hakukuwa na haja.

Zuhura alinisihi nisifungue mdomo. Alisema mambo ya mke na mume yana wenyewe, na kwamba likilipuka sisi ndio tutakaopandishwa ndege. Alikuwa na haki ya kuogopa, kwa sababu kafili wangu, yaani mdhamini wangu nchini, ni huyo huyo Bosi, ikama yangu, kibali cha kuishi kule, iko mikononi mwake, akisema halas, basi imekwisha. Na tena kulikuwa na Italia, sioni haya kusema. Nilinyamaza nikaendelea kukoroga wali. Mke wa pili ni jambo ambalo dini yao inaliruhusu, nilijiambia, na mimi ni nani. Bosi akirudi nilimpokea begi kama kawaida, naye akanishukuru kwa sauti yake ile ya chini, akaniambia wenzake wamezimaliza maamuli zote. Nilibaki nimesimama ukumbini na mkebe mtupu. Uongo mlaini namna ile sikuwahi kuuona.

Siku ya Ijumaa, familia ikiwa mezani, Bosi akasema safari ya Italia haitawezekana mwaka huu, kazi imemlemea huko Riyadh, mwakani inshallah. Mimi nilikuwa nimeshika bakuli la saladi. Madam alimaliza chakula chake, akaenda jikoni, akabandua picha za kwenye friji moja baada ya nyingine na kuzitia kwenye takataka chini ya maganda ya vitunguu. Nilijua ndoto yake na nilijua yangu, na zote mbili ziliniuma. Siku mbili baadaye Bosi akaondoka na begi kubwa. Jioni hiyo Zuhura akanitumia sauti ya kunong'ona. Madam wake alikuwa anafunga mabegi, wanakwenda Italia Alhamisi. Akanieleza yote: hoteli ya ziwani, boti ya asubuhi, bibi wa kijijini wa kukanda tambi. Ilikuwa safari ya Madam Hind, haijabadilishwa hata saa. Bosi aliibeba nzima nzima kama alivyobeba mkebe wangu wa maamuli, akaenda kuitoa zawadi kwingine.

Hapo ndipo nilipokasirika, na nikikasirika huwa sifikiri sana. Mume anaweza kuoa mke wa pili, lakini kumwacha mtu akae miezi akitafuta kila njia na kila kitanda, kumbe anampangia mwingine fungate, hilo lilinishinda kulimeza. Kesho yake Madam alikuwa amelala kwenye matakia ya sebuleni, mapazia yameshushwa mchana kweupe. Nikampelekea kahawa, nikapiga magoti pale, nikamwambia kwa Kiarabu changu cha jikoni: Baba Nasser ana nyumba Malaz, ana mke, wanakwenda Italia Alhamisi. Akaniomba nirudie. Nikarudia. Aliomba ushahidi, nikampa simu yenye picha ya maamuli. Aliitazama muda mrefu, akagusa ile alama iliyopinda, akasema hicho ni kizibo cha jikoni kwake. Nilitarajia mayowe. Badala yake alikaa wima, akafunga nywele zake, akaniambia, "Vaa abaya yako. Tunakwenda Riyadh."

Watoto tuliwaacha kwa bibi yao. Kwenye ndege Madam alinikalisha kando yake, njia nzima akikunja na kukunjua karatasi ya peremende. Malaz ni mtaa wa zamani, majengo ya ghorofa yaliyopauka, na nyumba yenyewe, kama Zuhura alivyowahi kunieleza, ilikuwa juu ya duka la miwani. Aliyefungua mlango alikuwa Zuhura, mwembamba kuliko nilivyomkumbuka, na tulitazamana tusijue kama tukumbatiane au tukimbie. Nyuma yake akatokea binti mwenye nywele mbichi, amevaa gauni la nyumbani, anaitwa Abir. Mabegi yalikuwa yamepangwa ukumbini. Madam akainua niqabu, akajitambulisha kwa heshima kabisa, mimi ni Hind, mama wa Nasser na Lamis. Nilimwona yule binti akirudi nyuma hadi mgongo ukagusa ukuta. Akataja jina la Mungu. Kisha akasema, "Hind ni marehemu."

Abir akaanza kueleza, maneno yakigongana mdomoni. Walipokuja kumposa, Bosi aliwaambia baba yake na kaka zake kuwa amefiwa na mke, na watoto wanalelewa na bibi yao Jeddah. Abir alimhurumia. Alimpenda, alisema, kwa jinsi alivyokuwa akimtaja marehemu kwa wema. Na kwa kuwa alikuwa ameingia katika nyumba ya mwanamke aliyekufa akiwa bado kijana, aliona ni haki yake kumfanyia jambo. "Kila Ijumaa nimekuwa nikipeleka katoni za maji msikitini kwa ajili yako," alimwambia Madam, huku analia. "Nimekuwa nikikuombea rehema." Zuhura akanitazama macho yamemtoka, akaninong'oneza Kiswahili kwamba hizo katoni ndiye aliyekuwa akizibeba, na hakuwahi kujua ni za nani. Desturi hiyo naijua, niliiona sana kule, watu wanagawa maji kwa niaba ya maiti wao ili thawabu ziwafikie. Lakini sikuwahi kumwona maiti mwenyewe amesimama kwenye zulia na mkoba begani. Madam alijishika kifuani kama anayehakikisha. Mwishowe akakaa, akaomba maji ya kunywa, na Abir akaenda kumletea kwa mikono yake.

Bosi alipofika kuchukua mabegi walikuwa wamekaa kochi moja. Alivua kiatu kimoja, akainua macho, na hapo hapo akabaki, kiatu mkononi. Nilingoja aseme neno, nikafikiri mtu aliyetunga uongo mkubwa hivyo lazima awe na mwingine wa akiba. Hakuwa nao. Abir alimwambia aondoke, naye akavaa kiatu chake na kushuka ngazi. Nilisikia hatua zake mpaka mlango wa chini, na niliona aibu kana kwamba mimi ndiye niliyekamatwa.

Wiki zilizofuata Madam na Abir wakawa wanatumiana sauti asubuhi na jioni, kama mimi na Zuhura, na mara nyingine nilimsikia Madam akicheka chumbani hadi kikohozi. Abir alikuwa amerudi kwa mama yake. Bosi alirudi Aziziya, akahamishiwa chumba cha wageni, anatoka kazini na kuingia chumbani bila kusalimiwa. Mimi hakunifukuza. Nadhani aliogopa hata kulitaja jina langu. Siku moja Madam akaja jikoni, uso umemng'aa kama siku zile za picha kwenye friji, akasema ameamua, Italia anakwenda, viza bado ziko hai na safari yake haiwezi kufa bure. Nilifuta mikono kwenye aproni. Akasema watoto wanaanza shule, hivyo watabaki. Nikauliza, "Na mimi, Madam?"

"Wewe utabaki nao," akasema. "Abir atachukua nafasi yako."

Alilisema kwa upole, mkono wake begani mwangu. Akaniambia Mungu atanilipa kwa nilichomfanyia, kwamba mimi ni kama dada yake, kisha akaniuliza kama sanduku la bluu nimelipangusa vumbi. Mwaka ule nilishtuka mara nyingi, kwa kibiskuti, kwa maiti anayekunywa maji, kwa mwanamume wa sauti ya chini. Hakuna lililonipiga kama hilo, kwa sababu lilisemwa na mtu aliyenipenda, na halikumgharimu hata kupepesa macho. Nilitaka kumkumbusha ile meza. Nilitaka kumuuliza kama alidhani niliuhatarisha mkate wangu ili apate mwenzake wa kusafiri naye. Nikasema naam, Madam, nikaenda kulipangusa sanduku. Nililia nikiwa nalipangusa, na machozi yalisaidia.

Kwa kuwa haikufaa nyumba ibaki na mwanamume na mtumishi mmoja wa kike, Abir alimleta Zuhura akae nami. Waliondoka Jumatano, wawili wameshikana mikono, wanaangaliana wanacheka kama wasichana wa bweni. Alhamisi tukapokea picha za ziwa. Zuhura alizitazama, akazitazama tena, akazima simu. Ijumaa watoto walikuwa kwa bibi yao, Bosi alikuwa msikitini, nasi tulipika vyakula vyetu, wali wa nazi na kuku wa kupaka. Nilipogeuka kuchukua kigoda changu sikumwona Zuhura. Nilimkuta kwenye meza kubwa ya chakula, ameshatandika sahani mbili za wageni na vitambaa, na anavuta kiti kwa ajili yangu.

"Keti, dada Mwende," akasema.

Nikamwambia Bosi yuko njiani kurudi. Akasema basi atatukuta.

Nikakaa. Kiti kilikuwa kizito kukisogeza, na sikujua mikono niiweke wapi. Tulikuwa tumekula vijiko vichache mlango ulipofunguka, tukamsikia akivua viatu na kuvipanga. Akaingia, akasimama. Alinitazama mimi, akamtazama Zuhura, akatazama mahali pake pa siku zote, ambapo Zuhura alikuwa amekaa. Kafili wangu, mtu ambaye kwa neno moja angenirudisha Kangundo siku ile ile. Kijiko kilikuwa hewani na sikuweza kukishusha wala kukipeleka kinywani. Bosi akasema kwa sauti yake ya chini, "Bil-afya," yaani tule kwa afya njema, akapita nyuma yetu akaingia jikoni.

Tulisikia kifuniko cha sufuria. Tulisikia kigoda kikiburutwa hadi kando ya mashine ya kufulia, kisha kimya cha mtu anayekula. Hatukutazamana. Tulikula polepole, tukaongeza, tukafuta midomo kwa vitambaa, na tulipokuwa tunamaliza bomba la jikoni likafunguliwa. Zuhura akaweka kijiko chini asikilize. Bosi alikuwa anaosha sahani yake.